Mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto: maana yake na unavyofanya kazi Uganda

Mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto ni jukumu ambalo serikali imejitwika kwa kila mwanamke mwenye mimba na kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, awe mgonjwa au mzima. Hospitali humngoja mgonjwa aje. Mpango hautakiwi kungoja. Unatakiwa ujue gombolola fulani (eneo la utawala chini ya wilaya) lina wajawazito wangapi mwaka huu, kila mmoja apate nini, wiki ya ngapi, kwa mkono wa nani, na nani ataulizwa asipopata. Ndani yake mna huduma za kliniki ya wajawazito, uzazi salama, chanjo, lishe, uzazi wa mpango na kumkinga mtoto asiambukizwe VVU na mama yake. Watu wengi huona majengo na dawa. Kinachookoa maisha hasa ni ratiba, na makabidhiano kati ya mhudumu mmoja na mwingine. Na mpango unapovunjika, karibu kila mara huvunjika kwenye makabidhiano hayo.

Tafiti za taifa za idadi ya watu na afya zinaonyesha kazi iliyokwisha kufanyika. Mwaka 2011 akina mama 438 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2016 walikuwa 336, na mwaka 2022 wakawa 189. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 90 kwa kila 1,000 hadi 64, kisha 52. Lakini vifo vya watoto wachanga ndani ya mwezi wa kwanza vilikuwa 27 kwa kila 1,000 mwaka 2011, vikabaki 27 mwaka 2016, ndipo vikashuka hadi 22. Chanjo na dawa ya malaria humfaa mtoto aliyekwisha kuvuka siku za mwanzo. Mtoto anayezaliwa bila kupumua hutegemea mkunga aliyesimama hapo, dakika hiyo, akiwa na kifaa mkononi.

Nani hufanya nini

Wizara ya Afya hutunga miongozo na kupanga. Bohari ya taifa ya dawa hununua na kusambaza. Wilaya, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, ndiyo yenye wauguzi na wakunga. Mganga mkuu wa wilaya ana msaidizi anayeshughulikia mama na mtoto. Hospitali za misheni na za Waislamu zisizo za faida zimo pia katika mpango, ingawa nyingi hutoza ada. Katika vituo vya serikali ada zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia hospitalini.

Chini ya wilaya kuna ngazi. Kijijini kuna timu ya afya ya kijiji, maarufu kama VHT, ambayo kwa hesabu za wizara ndiyo kituo cha daraja la I: haina jengo, ni watu wa kujitolea, kila mmoja akiangalia kaya 25 hadi 30. Daraja la II ni la muluka, yaani sehemu ya gombolola, kwa watu wapatao 5,000. Daraja la III ni la gombolola, watu 20,000, na hapo panatakiwa kuwa na wodi ya wazazi na maabara. Daraja la IV ni la watu 100,000, lenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea. Juu yake ni hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na za taifa kama Mulago na Kawempe.

Kliniki ya wajawazito

Mwongozo unataka mahudhurio manane: la kwanza kabla wiki 12 hazijaisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. La kwanza ndilo zito kuliko yote. Hapo hupimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, VVU, kaswende na homa ya ini B, na mama huanza au huendeleza chanjo ya pepopunda. Hupewa vidonge vya madini ya chuma (miligramu 60) na asidi ya foliki (miligramu 0.4) vya kumeza kila siku. Tangu 2012, mjamzito anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa papo hapo na kuendelea nazo maisha yake yote, bila kusubiri kinga ishuke. Mtoto wake hupewa dawa ya maji ya nevirapini, na hupimwa mara kadhaa kuanzia wiki ya sita hadi miezi 18.

Mwaka 2016 ni asilimia 29 tu ya wajawazito waliofika kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wengine huficha mimba changa kwa desturi. Wengine huogopa kurudishwa kwa sababu mume hakuja. Hili lisemwe wazi: mwongozo unahimiza baba aje apimwe pamoja na mama, hauruhusu mama anyimwe huduma kwa kuwa amekuja peke yake. Kituo kinachomrudisha kimegeuza shauri jema kuwa kizuizi, na mama huyo huenda asionekane tena mpaka uchungu uanze.

Kinga ya malaria ya mimba ni mfano mzuri wa jambo dogo linaloharibika kirahisi. Kuanzia wiki ya 13 mama humeza vidonge vitatu vya fansida kwa mpigo, mbele ya mkunga, kisha hurudia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi hadi ajifungue. Angalau mara tatu. Akipewa vidonge akameze nyumbani, hakuna ajuaye kama alivimeza. Mara nyingi sababu ni kwamba kliniki haina maji ya kunywa wala vikombe, vitu ambavyo havihitaji mfadhili. Anayetumia septrini kila siku kwa ajili ya VVU hapewi fansida, kwa sababu dawa hizo ni za jamii moja. Na asidi ya foliki ya miligramu 5, ambayo baadhi ya maduka huuza, hudhoofisha kazi ya fansida; ile ya 0.4 haina shida.

Saa ya kujifungua

Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine waligawa sababu za mama kufa katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Uganda imefanya juhudi kubwa kwa ule wa kwanza, hata wanawake wengi sasa huzalia vituoni. Hivyo ule wa tatu umebaki wazi zaidi.

Chukua damu nyingi baada ya kuzaa, chanzo kikubwa cha vifo vya uzazi. Kinga yake ni sindano moja ya oksitosini, yuniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka na baada ya kuhakikisha hakuna pacha mwingine tumboni. Oksitosini hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye kabati la wodi yenye joto hupungua nguvu bila kubadilika rangi, na mkunga huchoma sindano akidhani amefanya lililopaswa. Panapokuwa na friji moja tu, nayo ni ya chanjo na ufunguo uko kwa mtu wa chanjo ambaye usiku hayupo, wodi ya wazazi haina oksitosini hata kama daftari la stoo linasema ipo. Dawa hiyo kukaa kwenye friji hiyo hiyo kunaruhusiwa. Kinachotakiwa ni makubaliano ya ufunguo. Pasipo na ubaridi kabisa, kuna vidonge vya misoprostoli, mikrogramu 600, vinavyostahimili joto.

Rufaa nayo ina masharti yake. Kituo cha daraja la III kikiona uchungu umekwama, au mama ana kifafa cha mimba, kinatakiwa kuanza tiba kwanza (dozi ya kwanza ya maginiziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, hutolewa kabla ya safari, si baada yake), kumpigia simu anayepokea, kisha kumtuma mama pamoja na mkunga na karatasi ya rufaa. Simu ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu chumba cha upasuaji cha daraja la IV kinahitaji vitu vinne kwa wakati mmoja: daktari, mtaalamu wa dawa ya usingizi, damu, na umeme. Kikikosekana kimoja, upasuaji haufanyiki. Damu hutoka kwenye benki za damu za mikoa kama Gulu, Mbale, Mbarara, Arua na Fort Portal. Chupa mbili zikiisha usiku, kituo cha mbali hakina cha kufanya mpaka gari lirudi. Anayepiga simu kabla ya kumpakia mama kwenye gari huambiwa apitilize moja kwa moja hospitalini, na saa mbili zimeokolewa.

Kwa mtoto, mambo ya saa ya kwanza ni machache: kumkausha, kumlaza kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kunyonya ndani ya saa moja, vitamini K, dawa ya macho, na kitovu kubaki kisafi. Asiyepumua hupewa hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika ya kwanza haijaisha. Kifaa hicho hukaa juu ya meza kikiwa kimeunganishwa tayari, si ndani ya boksi.

Mtoto anayekua

Mpango wa chanjo, UNEPI, ulianza mwaka 1983. Mtoto huchanjwa kifua kikuu na polio anapozaliwa. Kisha wiki ya 6, 10 na 14 hupata polio, sindano yenye kinga tano ndani yake, na ile ya nimonia; matone ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota huanza wiki ya 6. Miezi 9 ni surua na rubela pamoja na homa ya manjano. Miezi 18 ni surua na rubela ya pili. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Aprili 2025 katika wilaya zenye maambukizi mengi na ya kadiri, kwa miezi ya 6, 7, 8 na 18.

Chanjo ya surua huja kwenye chupa ya dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa sita. Muuguzi akiona watoto wawili tu, huogopa kupoteza dozi nane na kuwaambia akina mama warudi siku nyingine. Wengi hawarudi, hasa waliolipa boda-boda. Fungua chupa: dozi nane zilizotupwa ni gharama ndogo kuliko mlipuko mmoja wa surua.

Kijijini, VHT waliofunzwa hutibu malaria, nimonia na kuhara kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 5. Malaria hupimwa kwanza. Nimonia hujulikana kwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa aliye chini ya mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Kuhara hutibiwa kwa maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki kwa siku 10 kamili, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi sita au zaidi ukipimwa chini ya sentimita 11.5, huyo ana utapiamlo mkali na apelekwe kituoni leo. Udhaifu wa kazi hii unajulikana: VHT hana mshahara, na dawa zake zikiisha wanakijiji huacha kumwendea. Imani hiyo hairudi kwa siku moja zinapoletwa nyingine.

Aprili na Oktoba ni miezi ya kampeni za afya ya mtoto, ambapo hutolewa vitamini A na dawa za minyoo.

Kuhesabu

Wilaya hukadiria walengwa kwa asilimia ya idadi ya watu: wajawazito 5, watoto chini ya mwaka 4.3. Gombolola la watu 20,000 basi litarajie wajawazito 1,000 na watoto 860. Kipimo chenye faida zaidi kwa kituo ni wanaoacha njiani. Kama watoto 200 walipata sindano ya kwanza ya kinga tano na 164 wakapata ya tatu, 36 wamepotea, yaani asilimia 18. Ikipita 10, tatizo haliko kwa wazazi wasiojua chanjo, maana walikuja mara ya kwanza. Kitafutwe kilichowakatisha tamaa kituoni: siku ya kliniki iliyofungwa, chanjo iliyoisha, au maneno makali.

Kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja, ambako Kiswahili cha Kongo husikika kila foleni, makadirio hayo hupotoka kwa urahisi, na kituo huonekana kimechanja zaidi ya asilimia 100. Mtoto aliyefika na kadi ya Kongo haanzi upya. Huendelea alipoishia, dozi ziachane angalau wiki nne. Asiye na kadi hupewa mpya, na mama huambiwa tarehe ya kurudi kwa lugha anayoielewa.

Haki na uwajibikaji

Agosti 2020 Mahakama ya Katiba iliamua, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2011, kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi vituoni ni kuvunja Katiba, na ikaagiza bajeti iongezwe. Kwa hiyo glavu na mfuko wa kujifungulia, Mama Kit, si fadhila ya mhudumu. Mama anayeambiwa anunue alichotakiwa kupewa bure ana haki ya kuuliza kwa mkuu wa kituo, kisha kwa mganga mkuu wa wilaya.

Na mama akifa, mpango unataka kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe ndani ya siku saba, na wote waliomhudumia, bila kumtafuta wa kumwadhibu. Kikao kinachoishia na maneno «wahudumu waelimishwe» hakijafanya kitu. Kinachofaa huandika kitendo, mtu na tarehe: nani atachonga ufunguo wa pili wa friji, na utakuwa wodini lini.