Homa ya usiku baada ya chanjo, na maswali mengine ya kwenye benchi la kliniki

Kwenye kliniki ya watoto maswali ya ukweli hayaulizwi mezani kwa nesi, yanaulizwa kwenye benchi. Mama anamgeukia mwenzie, hivi wa kwako ile sindano ya wiki sita hakusumbua? Mwenzie anamwambia wangu alichemka usiku kucha, baba yake akasema basi, hata hii ya leo nimekuja kwa siri. Halafu wanafika mezani wanaulizwa "una swali mama?" wanajibu hapana. Sisi wahudumu wa chanjo hapa Tanzania tukifungua rejista tunaona majina yaliyopata Penta ya kwanza, ndo hiyo sindano ya wiki sita, na tukienda kwenye ya tatu mengine hayapo, na ukifuatilia majumbani mara nyingi hukuti mzazi mbishi wala mtu wa mambo ya mitandao, unakuta mtu ambaye hakuambiwa mapema nini kitatokea usiku ule, kikatokea, akaogopa. Kwa hiyo leo naandika yale ya benchini.

Tuanze na hiyo homa. Penta anachomwa paja akiwa na wiki 6, 10 na 14, sindano moja inakinga magonjwa matano, yaani dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na yule bakteria wa Hib anayeleta kichomi na homa ya uti wa mgongo. Humo ndani sehemu ya kifaduro imetengenezwa na kimelea kizima kilichouawa, na hiyo ndo inayofanya mwili wa mtoto ushtuke. Homa inaanza jioni ile ile au usiku, paja linaweza kuvimba na kuwa gumu, mtoto analia, hataki kuguswa mguu, kesho yake au keshokutwa imeisha. Inawapata watoto wengi tu, sio bahati mbaya ya mwanao peke yake.

Sasa dada yako aliyeko Uingereza akikwambia mbona wa kwake hawajawahi kuchemka hivyo, hajakudanganya. Kule wanatumia kifaduro cha aina nyingine, wamechukua vipande tu vya kimelea badala ya kimelea kizima, kwa hiyo homa ni ndogo, ila na kinga yake inapungua mapema zaidi. Hatujaletewa takataka, ni kwamba kila nchi imechagua ibebe usumbufu gani ipate faida gani. Nalisema wazi kwa sababu naulizwa sana, na nikisikia mzazi anajibiwa "chanjo ni ile ile" nakereka, sio ile ile, na akija kugundua mwenyewe hata lile la kweli utakalomwambia kesho hatalisikia.

Usiku huo unafanya nini? Unamnyonyesha mara kwa mara, unampunguzia nguo (najua bibi atataka kumwongezea blanketi la pili, mzuie kwa heshima), na kama amechemka unampa paracetamol ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Kipimo hicho muulize nesi kabla hujaondoka kituoni, ml ngapi, kila baada ya saa ngapi, maana chupa zinatofautiana nguvu na kubahatisha saa nane usiku sio vizuri. Aspirini usimpe kabisa. Paja usilisugue, usilikande na maji ya moto, usilipake kitu, kitambaa safi chenye maji ya baridi kinatosha.

Homa ikipita siku mbili acha kuisingizia chanjo, kapime malaria. Hili nalikazia kwa sababu malaria na sindano vinaweza kugongana wiki moja, mama anakaa nyumbani siku nne anasema ni chanjo, siku ya tano mtoto hana damu. Vile vile usisubiri asubuhi kama amelegea, amegoma kunyonya, amepata degedege, au analia zaidi ya saa tatu bila kubembelezeka.

BCG ya kifua kikuu, ile ya begani anayopewa akizaliwa, ina vituko vyake. Siku hiyo huoni kitu, wiki kadhaa mbele kinatoka kipele, kinajaa usaha, kinapasuka, kidonda kinakauka chenyewe na kuacha kovu. Mama akiona usaha anajua sindano ilikuwa chafu. Hapana, ndo inavyofanya kazi, usitumbue, usipake dawa, usifunge bandeji, mwogeshe kama kawaida. Ila ukiona uvimbe mkubwa chini ya kwapa upande ule ule, mlete tuuangalie.

Na surua rubela, ya miezi 9 na miezi 18, homa yake inachelewa. Inakuja kati ya siku ya 7 na ya 12, umeshasahau kabisa kama mtoto alichomwa, wengine na vipele vyepesi juu. Inapita yenyewe siku moja au mbili.

Hayo ndo ya kawaida. Yapo na ya nadra, na mimi sitaki kuyaficha. Mzio mkali wa ghafla, mtoto kubanwa pumzi na kuvimba, unatokea kama mara moja kwenye dozi milioni moja, na unapotokea ni ndani ya dakika chache, ndo maana tunakuomba ukae kituoni kama nusu saa, hatukuweki pale kukupotezea muda. Degedege linaloletwa na homa ya chanjo zenye surua linakadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 3,000 hivi, linatisha sana kuliangalia lakini kwa kawaida haliachi madhara. Matone ya polio nayo yana kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwenye eneo ambalo watoto wengi hawajachanjwa kile kirusi kinaweza kuzunguka miezi mingi kwenye vinyesi na maji machafu mpaka kikarudisha nguvu. Hicho ndo kilichotukuta Rukwa mwaka 2023, na ndo sababu ya ile kampeni ya nyumba kwa nyumba mikoa sita, Rukwa, Katavi, Kigoma, Songwe, Mbeya na Kagera. Mwaka mmoja kabla ilitangazwa Malawi, mtoto Lilongwe kapooza na polio ya asili, sio hii ya matone, iliyotokea Pakistan, wakati bara zima lilishatangazwa kuwa limeimaliza. Kwa hiyo ukiuliza "mbona kakamilisha matone na mnarudi tena mlangoni" jibu ni hilo, kirusi hakikaguliwi pasipoti pale mpakani Kasumulu.

Sasa weka upande wa pili. Mgonjwa wa surua akiingia kwenye daladala akashuka, kirusi kinaweza kubaki hewani kwa muda wa hata saa mbili, na kati ya watu kumi wasio na kinga waliokaa nae karibu, tisa wataondoka nayo. Uvimbe wa ubongo unampata kama mmoja kati ya 1,000 wanaougua, achilia mbali kichomi, kuhara na upofu kwa watoto wenye lishe duni, na kuna jambo watu wengi hawalijui, surua inafuta kumbukumbu ya kinga ambayo mtoto alishaijenga kwa magonjwa mengine, anapona leo anaanza kuugua upya vitu alivyoshavishinda. Ndo maana nikiulizwa dozi gani hupaswi kuruka hata iweje, mimi huwa nasema ile ya miezi 18. Ya miezi 9 peke yake inakinga kama 85 kwa 100, kinga aliyopewa na mama yake tumboni bado inaiingilia, ya pili ndo inafikisha juu ya 95. Na hiyo ndo inayosahaulika kuliko zote, mtoto keshatembea, kadi iko chini ya godoro, nani anakumbuka kliniki.

Tatizo letu ni kwamba tumesahau haya magonjwa yanafananaje. Mama wa miaka 25 hajawahi kuona mtoto wa siku saba amekakamaa kwa pepopunda ya kitovu, bibi yake amewaona, muulize. Mpishi mmoja wa hospitali ya Merca kule Somalia, Ali Maow Maalin, alikwepa chanjo ya ndui kwa sababu aliona sindano inauma, Oktoba 1977 akakaa kwenye gari na wagonjwa kwa muda mfupi tu akiwaelekeza njia, akaugua. Alipona, na ndo akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ndui kwa njia ya kawaida, mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa umekwisha. Baadae alizunguka kwao akiwashawishi wazazi kuhusu matone ya polio, na alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo malaria ilipomuua mwaka 2013. Hofu yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ile ya benchini.

Usonji (autism). Hili la kwamba chanjo ya surua inauleta linakuja kwa sauti za WhatsApp za dakika nne. Chanzo chake ni andiko la mwaka 1998 la daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, lililohusu watoto 12 tu, jarida lililolichapisha likalifuta mwaka 2010 na mwaka huo huo akafutiwa usajili wa udaktari baada ya kugundulika alipindisha mambo. Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019, waliochanjwa na wasiochanjwa hawakutofautiana kwa usonji. Lakini simcheki mzazi anayeunganisha, kwa sababu dalili za usonji zinaanza kuonekana wazi umri ule ule wa mwaka na nusu mtoto anapopata sindano, akiacha kuita mama wiki ile aliyochomwa utafikiria nini kingine? Ukiona hivyo mlete, sio kwa ajili ya kubishana, kwa sababu mtoto akianza msaada mapema inasaidia kweli.

Uvumi kwamba chanjo inafunga kizazi nitaupita haraka. Wajawazito wa nchi hii wamechomwa pepopunda miaka na miaka, uvumi nao umewafuata miaka hiyo hiyo, na sensa ya 2002 ilituhesabu milioni 34, ya 2022 milioni 61. Kama ilikuwa dawa ya kuzuia uzazi basi ilikuwa dawa mbovu kuliko zote duniani.

Halafu yapo ya kwetu wenyewe, na hapa wahudumu wenzangu wasinune. Umeamka saa kumi na moja, umelipa bodaboda kwenda na kurudi, unafika unaambiwa "surua leo hatufungui, rudi Jumatano". Kwanini? Chanjo ya surua rubela inakuja unga, chupa moja dozi kumi, ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa sita, kinachobaki kinamwagwa. Nesi anaogopa kuulizwa dozi zilienda wapi, anasubiri watoto wafike sita saba ndo afungue. Namwelewa, lakini sikubaliani nae, kwa sababu dozi zilizomwagwa zinaagizwa nyingine, mama aliyerudishwa mara mbili hatumwoni tena. Wewe kwa upande wako piga simu au muulize mhudumu wa afya wa mtaani kwenu siku gani wanafungua, na ukiwa na jirani mwenye mtoto wa umri huo njooni pamoja.

Na una haki ya kuangalia. Kwenye lebo au kifuniko cha chupa kuna duara na ndani yake kimraba. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, chanjo haijapigwa na joto. Kikifanana rangi na duara au kikawa cheusi zaidi, haitumiki, hata kama tarehe yake bado. Umeme ukikatika siku mbili kituoni kimraba kile ndo kinachosema ukweli, sio sisi. Mwambie nesi "naomba nione chupa", akuonyeshe, na bomba la sindano lifunguliwe mbele yako, yale tunayotumia yanajifunga yakishatumika mara moja, hayawezi kuvuta dawa tena.

Mafua na kikohozi kidogo havizuii chanjo. Mtoto njiti anachanjwa kwa umri wake tangu alipozaliwa, hatusubiri afanane na wenzie. Anayezuiwa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali kwenye dozi iliyopita, na mgonjwa mahututi tunasubiri atulie kwanza. Kama mtoto ana VVU sema mapema, kuna zinazoangaliwa tofauti, BCG hasa.

Na kama ulishaacha njiani, ya wiki 10 ilikupita na sasa ana miezi saba, njoo. Hatuanzi upya, tunaendelea pale alipoishia, ile ya rota tu ya kuhara ndo nesi ataangalia umri kwanza. Kadi imepotea, njoo hivyo hivyo, rejista ipo, na kama jina halionekani tutachanja, dozi iliyozidi haimdhuru. Baba anayekataa njoo nae, bibi nae aje, maswali yao ni halali kama ya kwako. Ukipokelewa na "ulikuwa wapi siku zote?" mbele za watu, usigeuze kurudi nyumbani, mtoto achanjwe kwanza, ukimaliza nenda ofisi ya mganga mfawidhi umweleze ulivyojibiwa.