Fomu ya Ndani na Fomu Iliyopachikwa: Tofauti Inayosahaulika

Siku hizi hapa Tanga, mtu anayetaka tovuti ya nyumba ya wageni, ya kituo cha masomo ya ziada au ya kupeleka wageni kwenye mapango ya Amboni halazimiki kumtafuta mwandishi wa msimbo. Hufungua akaunti kwenye zana ya kujengea tovuti, akavuta vipande na kuvipanga, na ukurasa ukapatikana. Akishauliza bei, swali linalofuata mara nyingi huwa ni kama zana hiyo ina fomu ya ndani, na ni swali la mtu anayejua shida yake. Kinachonisukuma kuandika ni majibu anayopewa. Nimewasikia mara nyingi mno watu tunaofanya nao kazi hii wakijibu kwamba ipo, ilhali zana wanayoisifia haina kitu hicho.

Kiunda fomu cha ndani ni sehemu ya zana ya kujengea tovuti ambayo humwezesha mwenye tovuti kutengeneza fomu, kuiweka kwenye ukurasa, kupokea majibu yake, kuyahifadhi na kuarifiwa yanapofika, vyote ndani ya akaunti ileile anayojengea kurasa zake. Maana yake ni hiyo tu. Kinachowapotosha watu ni kuitazama fomu kwa uso wake na kusahau kwamba kuna anayepokea.

Fomu ya kwenye wavuti ina pande mbili. Upande wa kwanza ni ule unaoonekana: visanduku vya jina, namba ya simu, tarehe ya kufika na idadi ya wageni, pamoja na kitufe cha kutuma. Upande huu si mgeni wala mgumu. Umo katika maelezo rasmi ya HTML 2.0, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, yaliyotolewa Novemba 1995, na vivinjari vya leo vyote vinajua kuuchora. Lakini kazi ya HTML huishia karibu na hapo. Hukieleza kivinjari majibu yapelekwe kwenye anwani gani na kwa njia ipi kati ya zile zilizopo za kutumia, kama GET au POST, na pengine hukagua kama kisanduku kimeachwa kitupu. Haisemi lolote kuhusu aliyeko kwenye anwani hiyo. Ni lazima pawepo seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayosubiri, iyapokee majibu, iyakague upya, izuie takataka zinazotumwa na roboti, iyahifadhi mahali, kisha impelekee mwenye nyumba ya wageni barua pepe ya kumwarifu kwamba kuna mtu anataka chumba. Anayejua kuandika msimbo huujenga upande huo wa pili kwa mikono yake. Aliyechagua zana isiyohitaji msimbo kwa kawaida hana mahali pa kuujengea, kwa hiyo ama zana yenyewe impatie, ama autafute kwa mtoa huduma mwingine. Hitaji la fomu ya ndani limezaliwa hapo, na ndiyo maana si anasa kama wengine wanavyodhani: bila upande wa pili, kitufe cha kutuma hakina kazi.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unapatikana kwenye Webflow, zana ya kujengea tovuti ambayo ina fomu zake za ndani kwelikweli. Zana hiyo humruhusu mtumiaji, kwa mipango fulani ya malipo, kuchukua msimbo wa tovuti yake na kuuweka kwenye seva nyingine. Kurasa huhama salama, picha huhama, hata visanduku vya fomu huhama na kuonekana vilevile. Lakini fomu huacha kufanya kazi, kwa sababu mpokeaji wake amebaki Webflow. Uso ni wa ukurasa, upokeaji ni wa zana.

Sasa tuje kwenye fomu iliyopachikwa, ambayo ndiyo hupewa jina lisilo lake. Kupachika ni kuufungulia ukurasa wa mtu mwingine nafasi ndani ya ukurasa wako, kwa kawaida kwa kutumia kipengele cha HTML kiitwacho iframe. Mgeni anayetembelea tovuti huona fomu katikati ya ukurasa wako, chini ya picha zako na juu ya namba yako ya simu, kwa hiyo mwenye tovuti husema kwa nia njema kabisa kwamba fomu imo ndani. Imo ndani kama mpangaji alivyo ndani ya nyumba: anaishi humo, lakini ufunguo wa chumba anao yeye. Kivinjari huuchukulia ukurasa uliopachikwa kuwa wa huduma ulikotoka, na kwa sababu za usalama hukuzuia kuugusa kutoka nje. Huwezi kuubadilisha rangi wala aina ya herufi kwa mtindo wa tovuti yako, na takwimu za tovuti yako hazijui kama fomu imejazwa mpaka mwenye huduma hiyo akubali kukuarifu.

Mfano unaochanganya kuliko yote ni wa Google Sites. Zana hii haina kiunda fomu chake. Inachofanya ni kurahisisha kuingiza fomu iliyotengenezwa kwenye Google Forms. Kwa kuwa zote mbili ni za kampuni moja na huingiwa kwa akaunti moja, ni rahisi kuamini kwamba fomu ni sehemu ya tovuti. Lakini ifute tovuti yote, na fomu itabaki pale ilipokuwa pamoja na majibu yake. Ifute fomu, na ukurasa utabaki na nafasi isiyo na kitu. Ni vitu viwili vilivyowekwa jirani.

Kati ya fomu ya ndani na fomu iliyopachikwa kuna programu-jalizi, yaani nyongeza zinazowekwa kwenye zana ya tovuti, na hizi zinastahili uangalifu wa peke yake. WordPress, ambayo watu wengi huijengea tovuti bila kuandika msimbo, haiji na kiunda fomu katika kiini chake, huongezewa. Moja ya nyongeza zinazojulikana sana ni Contact Form 7, nayo hufanya kazi ndani ya tovuti yako mwenyewe, wala haipachiki ukurasa wa mtu. Hata hivyo, yenyewe haihifadhi ujumbe. Huutuma kwa barua pepe na kuishia hapo. Anayetaka nakala ibaki kwenye tovuti huongeza nyongeza nyingine ya kuhifadhi. Kwa hiyo barua pepe ikipotea au ikiangukia kwenye kasha la taka, ombi la mgeni limepotea pia, na mwenye nyumba hatajua kwamba liliwahi kutumwa. Mimi huiita fomu hiyo nyongeza, na ninaona ni haki kuiita hivyo.

Mtu anaweza kuuliza tofauti hii inamhusu nini mwenye vyumba vichache kule Raskazone. Inamhusu sana, na kwanza katika jambo la umiliki. Mara nyingi fomu iliyopachikwa hutengenezwa na kijana aliyeombwa kusaidia, naye akaitengeneza kwenye akaunti yake binafsi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi wakati ule. Tovuti akaikabidhi, nywila akaikabidhi, na hakuna aliyekumbuka fomu. Akihamia Dar es Salaam na kuacha kuifungua akaunti hiyo, maombi ya wageni yanaendelea kumfuata yeye, huku mwenye nyumba akidhani msimu umekuwa mbaya. Fomu ikiwa ya ndani kweli, anayekabidhiwa akaunti ya tovuti amekabidhiwa na majibu.

Jambo la pili ni la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, na fomu inayouliza jina, simu na namba ya pasipoti ni ukusanyaji kamili. Mgeni akitaka kujua taarifa zake zimehifadhiwa wapi, mwenye tovuti yenye fomu ya ndani ana sehemu moja ya kuangalia. Mwenye fomu iliyopachikwa ana mbili, na ile ya pili huenda hajawahi hata kusoma masharti yake.

Simu nayo ina neno. Wageni wengi huifungua tovuti kwa simu, na fomu iliyopachikwa huwa ni ukurasa mwingine unaopakiwa juu ya ule wa kwanza, kwa bando lilelile. Ikiwa imepewa urefu usiobadilika, mtu hujikuta anatelezesha ukurasa wa nje wakati alitaka kuteleza ndani ya fomu, na kitufe cha kutuma kinajificha chini asikione.

Sisemi fomu ya ndani hushinda kila mara. Baadhi ya zana hutoa viunda fomu dhaifu, huweka kikomo cha majibu kwa mwezi, au huitoa fomu kwa mpango wa kulipia tu, na huduma maalumu za fomu, kama Typeform au Jotform, zina maarifa ya maswali yanayobadilika kulingana na jibu lililotangulia ambayo zana nyingi za tovuti hazijayafikia. Kupachika ni njia halali na mara nyingine ndiyo bora. Ninachowaomba ndugu zangu tunaowajengea watu tovuti ni kwamba, mteja anapouliza, tumwonyeshe majibu yanafikia kwenye akaunti gani mgeni anapobonyeza kutuma. Yakifikia kwenye akaunti ya tovuti, tumwambie fomu ni ya ndani. Yakifikia kwingine, tumwambie zana inakubali fomu za kupachika, tumtajie ni za nani, na tuifungue akaunti hiyo ya pili kwa jina na barua pepe yake mwenyewe.