Je, wajua kwa nini kisu cha kukunja hulia "ta!" kinapofunguka?

Anayefungua kisu cha kukunja husikia mlio mkavu, ta!, bapa linapofika mwisho wa safari yake, na mlio huohuo husikika tena anapokifunga. Wengi hudhani kuwa kuna kitu kimejikaza ndani mfano wa komeo la mlango. Katika visu vingi vya kawaida vya mfukoni hakuna komeo lolote, na kutolijua hilo ndiko kunakokata watu vidole.

Siri imo kwenye msuka, yaani ile sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini na kuzunguka kwenye pini. Mwisho wa msuka huo haukuchongwa duara; una pande bapa na pembe, na juu yake umelala ukanda wa chuma chenye kunepa, ambao ndio springi na mara nyingi ndio mgongo wenyewe wa mpini. Upande bapa wa msuka unapokutana na springi, kisu hutulia. Unapolizungusha bapa, pembe huinyanyua springi, na hapo kidole huhisi ubishi. Pembe ikishapita, springi huanguka kwa kishindo juu ya upande unaofuata. Mlio ni wa chuma kugonga chuma, wala si wa kufuli.

Kwa hiyo usalama wa kisu cha namna hii unategemea nguvu inatoka upande gani. Ukimenya chungwa, chungwa hulisukuma bapa lizidi kufunguka, na haliwezi kwenda popote kwa kuwa limekwishafika kikomo. Lakini mtu akichoma kwa ncha, tuseme anatoboa dumu la plastiki ili alikate upo wa kutolea maji mtumbwini, ncha ikinasa na mkono ukaenda upande, bapa hurudi kuelekea kwenye mpini, na vidole ndivyo vilivyo njiani.

Mafundi wameujibu udhaifu huo kwa namna mbalimbali. Joseph Opinel wa Savoie, Ufaransa, alianza kutengeneza kisu chake cha mpini wa mti mwaka 1890, na mwaka 1955 kiliongezwa pete ya chuma ambayo huzungushwa ikaziba mwanya wa kurudia bapa. Kwa maoni yangu hakuna kufuli iliyo nyepesi kueleweka kuliko hiyo. Visu vingi vya sasa vina bamba jembamba ndani ya mpini, ambalo huruka pembeni na kujiegemeza nyuma ya msuka, hivyo kisu hakifungiki mpaka ulisogeze kwa kidole gumba. Karl Elsener wa Uswisi, kwa kisu chake cha maofisa cha mwaka 1897, hakushughulika na kufuli: yeye aliifanya springi moja itumikie vifaa vya pande zote mbili za mpini, na ndiyo sababu kisu chembamba kikaweza kubeba vifaa vingi.

Kwetu visiwani, adui wa kiungo hiki ni chumvi. Chuma kisichoshika kutu huchanganywa na kromiamu, kwa kawaida asilimia 13 au zaidi katika visu, nayo hushikana na oksijeni ya hewani ikafanya utando mwembamba usioonekana. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo na kuchimba vishimo vidogo vidogo, hasa mahali ambapo maji yamenasa bila kukauka, na hakuna mahali yanaponasa vizuri kama kwenye pini. Niliwahi kuona bandarini Mkokotoni kisu cha mvuvi ambacho bapa lake lilikuwa likimeta, ilhali kukifungua kulihitaji koleo, kwa kuwa mchanga na kutu vilikuwa vimeshikamana ndani ya mpini. Kilichohitajika ni kukisuuza kwa maji baridi ya kunywa kila jioni, kukianika kikiwa wazi, na kukidondoshea tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani baada ya muda hunata na kukusanya mchanga.

Muuza machungwa wa Darajani, anayemenya tangu asubuhi mikono ikiwa imelowa maji ya matunda, hutumia kisu cha mpini mgumu kisichokunjika, nacho hukisafisha kwa kukifuta mara moja tu kwa kitambaa.