Je, wajua WhatsApp inajuaje kuwa meseji imepita mikono mingi bila kuisoma?

Wanafunzi ninaowafundisha mawasiliano hapa Iringa hupenda kunitega kwa swali hili: ikiwa WhatsApp inadai haiwezi kusoma meseji zetu, imejuaje kwamba hii imefowadiwa mara nyingi mpaka ikaibandika mishale miwili? Baadhi yao wameshahukumu kwamba tunadanganywa.

Ukweli ni kwamba kazi ya kuhesabu hufanywa na simu zenyewe. Tangu 2016 meseji za WhatsApp hufungwa kwa msimbo kwenye simu ya mtumaji, zikafunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Mitambo ya katikati hupitisha, kama konda wa basi la Mbeya kwenda Songea anayepokea kifurushi kilichoshonwa. Ndani ya kifurushi hicho, pamoja na maneno, mna tarakimu. Ukifowadi, simu yako huiongeza moja, hufunga upya na kutuma. Hesabu ikifika tano, mpokeaji huona mishale miwili, na kampuni haikuambiwa kitu. Tangu Aprili 2020 meseji ya namna hiyo haifowadiwi kwa zaidi ya mtu au grupu moja kwa mkupuo. Anayekukatalia ni programu iliyo kiganjani mwako, si mtu aliyekaa California akikuchungulia.

Hapo ndipo wengi wanapoisoma alama hiyo vibaya. Kinachohesabiwa ni urefu wa mnyororo, wala si wingi wa wasomaji. Mtu akitunga uongo wake na kuuandika moja kwa moja kwenye grupu la watu 1,024, ambacho ndicho kikomo, wote wataupokea bila mshale hata mmoja. Wakati huohuo sala ya asubuhi iliyotoka kwa bibi ikaenda kwa shangazi, kwa binamu, kwa mwanakwaya, ikaendelea hivyo hadi hatua ya tano, itafika kwako na mishale miwili kana kwamba ni mhalifu. (Nakiri sala hizo nami huzipita bila kuzisoma.) Tena hesabu hufutika kirahisi: nakili maneno uyabandike upya, au piga picha ya skrini, na mnyororo umeanza mwanzo.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini, hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni habari ya kweli iliyochacha. Aprili 2025 Serikali ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini kuingia nchini, ikijibu vikwazo vilivyowekewa mazao yetu. Baada ya siku chache tu marufuku ikaondolewa. Tangazo la kwanza halikuwa uzushi: lilitoka kwa Waziri wa Kilimo wa wakati huo mwenyewe, Hussein Bashe. Ila mchuuzi wa Kyela anayeutegemea mpaka wa Kasumulu wa kuingia Malawi, akilipokea baada ya marufuku kuondolewa, anaweza kuahirisha safari bure. Mishale miwili haimsaidii, maana meseji za kweli nazo huwa nayo. Saa anayoiona pembeni ya meseji ni ile alipofowadiwa yeye. Siku ilipoandikwa mara ya kwanza haionyeshwi popote.