Nyumba ya mawe kwa mbao na merikani: mandhari na maleba ya jukwaa dogo

Kabla hujachora chochote, pima mlango wa nyuma wa ukumbi, kona za ngazi na bodi ya gari litakalobeba mandhari. Kumbi nyingi za shule na za mitaani zina mlango wa sentimita 80 au 90. Paneli, yaani fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa iwe ukuta wa jukwaani, ya mita 1.22 kwa 2.44 hapo hupita kiubavu tu, na ukishaigongomelea mguu wa nyuma haipiti kabisa. Kwa sababu hiyo mimi hufunga kila kitu kwa skrubu na bawaba. Msumari unafaa kwa kitu kisichohama.

Tuchukue tamthilia ya pwani, Lamu au Unguja, mwaka 1905 hivi, yenye waigizaji sita, mbele ya nyumba ya mawe. Wabunifu wengi hukimbilia mlango wa nakshi. Mimi huanzia barazani, kwa kuwa ndipo watu wanapokaa, wanaposubirishwa, wanaponong'ona, na ndipo mtazamaji anapoona nani ana haki ya kukaa na nani atasimama. Tengeneza masanduku mawili ya urefu wa mita 1.2, kina sentimita 50, kimo sentimita 45. Juu weka plaiwudi ya milimita 18, na ndani ukuta wa kuegemeza kila baada ya sentimita 60. Plaiwudi ya milimita 12 hubonyea watu wawili wakikaa, na ikishabonyea inalia kila mtu anapoinuka. Masanduku hayo yakiwa matupu ndani, ndimo maleba, nguo za waigizaji, yanamosafiria.

Onyesho likihamia ndani ya nyumba, usijaze upana wote wa jukwaa. Vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba na virefu kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, ambazo hazizidi sana mita 2.5 au 3. Chumba chembamba ndicho cha kweli, na mbao zinabaki.

Paneli moja ya ukuta hutoka kwenye mbao tatu za inchi 1 kwa 3 zenye futi 12. Ubao wa kwanza na wa pili, kila mmoja ukate kipande cha mita 2.29 na cha mita 1.22. Wa tatu utoe kipande cha kati cha mita 1.07, na kinachobaki kiwe mishazari ya kona mbili. Vipande vya 1.22 ndivyo vinavyolala juu na chini kwa upana mzima, na vile virefu vinaingia katikati yao. Ukifanya kinyume, paneli ikiburutwa sakafuni ncha za mbao ndefu hupasuka. Kila kona ifunge kwa pembetatu ya plaiwudi ya milimita 6, kwa gundi na skrubu, lakini isogeze ndani sentimita 2.5 kutoka ukingo wa nje. Nafasi hiyo ni unene wa ubao: paneli ya pili ikija kukutana nayo kwa pembe mraba, inakaa sawasawa bila kuacha ufa unaopitisha mwanga wa nyuma.

Kitambaa ni merikani, pamba ghafi, isiyofuliwa. Anza kukibana katikati ya kila upande, kisha nenda kwenye kona, na ukiache kilegee kidogo, ukikigusa kwa kiganja kiingie ndani. Kisha kipake gundi nyeupe ya mbao sehemu moja kwa maji sehemu tano, tabaka moja, bila kusimama katikati. Kikikauka kitanywea na kukaza chenyewe. Aliyekivuta kwa nguvu tangu mwanzo atakuta asubuhi fremu imejipinda na kona moja haigusi sakafu, na hapo hakuna dawa ila kubandua.

Dawa ya kuzuia moto hutangulia gundi na rangi. Yeyusha gramu 270 za boraksi na gramu 120 za asidi boriki katika lita 4 za maji ya moto, loanisha merikani hadi ichuruzike, anika. Kata utepe, ning'iniza, ushikie kiberiti kwa sekunde 12: ukiondoa moto, mwali uzimike wenyewe. Dawa hii hushika pamba. Polista haishiki, na kitambaa kikifuliwa dawa inaondoka.

Paneli isimame kwa mguu wa pembetatu wenye bawaba, kina chake theluthi ya kimo cha ukuta, yaani sentimita 80, na uzito juu yake. Ndoo ya lita 10 ya mchanga mkavu ina kilo 16 hivi, inatosha kwa ukuta mtupu. Ukuta wenye mlango unataka mara mbili, maana mlango ukibamizwa ukuta hutikisika na nyumba ya mawe inageuka kitambaa mbele ya macho ya watu. Chini ya mlango funga bapa la chuma la milimita 5 kutoka upande mmoja wa mlango hadi wa pili. Ubao hapo utamkwaza mwigizaji. Milango ya pwani yenye mbao mbili hufunguka kuelekea ndani ya nyumba, na hilo latufaa: ubao unapofunguka unaenda nyuma ya ukuta, mwigizaji anaonekana mzima.

Rangi ya chokaa isiwe nyeupe kabisa. Changanya nyeupe na kahawia kidogo hadi ifanane na maziwa yaliyotiwa chai. Kwenye baraza tia mchanga uliochekechwa, sehemu moja kwa nne za rangi. Kwenye kitambaa mchanga hupukutika, tumia unga wa msumeno na gundi. Kisha chafua kwa akili: sentimita 40 za chini, mvua inaporusha tope, na ukanda wa ukutani juu ya baraza, mahali migongo ya watu inapoegemea kila jioni.

Usinunue kitambaa cha maleba kabla hujakiweka chini ya taa zile zile za onyesho. Chini ya taa ya buluu, nyekundu inakuwa nyeusi, na chini ya taa nyekundu, kijani kinakufa. Kanzu nyeupe pe inarudisha mwanga mwingi kiasi kwamba uso wa mvaaji unapotea. Ichovye katika chai kali, imelowa tayari, dakika 15 ukigeuza, kisha isuuze. Kwanza choma uzi mmoja: ukiwa majivu ni pamba na itashika, ukiyeyuka na kuwa tone gumu ni polista, tafuta kanzu nyingine.

Kanga inasomwa. Mtazamaji wa safu ya mbele atalisoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla mwigizaji hajafungua kinywa, kwa hiyo lichague kama sehemu ya maneno ya mchezo, au likunje ndani. Na mwaka 1905 kanga ya maandishi ya Kilatini ni kosa: majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kanga ya mapambo matupu ni salama zaidi. Kwa mtu wa hali ya chini, kaniki, kitambaa cheusi cha pamba, au merikani inasema yote.

Kanga ya kufunga hulegea mwigizaji akikimbia. Ishonee mkanda wa lastiki kiunoni, kisha fundo la nje liwe la kuonekana tu. Pa kubadili nguo ndani ya sekunde 30, ng'oa vifungo, weka mkanda wa kunata (velkro) mahali pake, halafu vifungo virudi juu kwa mapambo. Mkanda huo ukifunguliwa unatoa sauti, basi msaidizi aufungue watazamaji wakipiga makofi au ngoma ikilia. Nguo zipangwe kitini kwa mpangilio wa kuvaliwa, ya mwisho chini kabisa, mikono imeshageuzwa nje.