Breki kukwaruza asubuhi ya kipupwe: kutu ya usiku ni kitu gani

Kusi likishashika, kuanzia mwezi wa 6 hivi na manyunyu ya usiku, swali linakuwa ni lile lile gereji zote za Mombasa, "fundi mbona asubuhi nikitoka tu getini breki zinakwaruza krrr, ni hii baridi?" Baridi gani jamani, hapa usiku wa Julai ukishuka sana ni digrii 20 hivi, hiyo breki haina habari nayo. Kazi inafanywa na unyevu, na kinachokwaruza ni kutu ya usiku.

Diski ya breki, ile sahani inayozunguka na gurudumu, ni chuma tupu, pale pedi (kile kibao kinachoibana ili gari isimame) inapobana hapapakwi rangi wala mafuta kwa sababu pedi lazima ishike. Sasa gari ikilala nje, haswa Nyali au Likoni karibu na bahari ambako hewa ina maji na chumvi juu yake, unyevu unatua kwenye diski na kufika alfajiri imeota utando mwembamba wa rangi ya machungwa. Hata ukiosha gari jioni ukaiacha papo hapo, yale yale. Ukikanyaga breki mara za kwanza pedi inaukwangua ule utando, ndio hiyo kelele, na pengine breki inashika kwa ghafla kidogo, halafu ukishapiga breki mara tano sita diski inang'aa na kelele imekwisha.

Kwa hivyo angalia inalia mpaka wapi. Umetoka Bamburi umefika Buxton bado inalia, hiyo si kutu ya usiku tena. Mlio mwembamba kama filimbi mara nyingi ni kile kichuma cha kwenye pedi kinachogusa diski kukuonya kwamba pedi imebaki milimita 2 au 3, na ukisikia chuma kusaga chuma basi pedi ishakwisha kitambo, usiende nayo mbali. Pedali ikikutetemesha mguu, uliza gari ililala muda gani, maana ikikaa wiki kadhaa kutu inakula diski na pale pedi ilipobana panabaki alama ambayo haitoki kwa kupiga breki. Wenye haibridi nao wajue, gari zao zinapunguza mwendo kwa mota mara nyingi, pedi haigusi diski sana kwa hiyo kutu inakaa zaidi.

Handbreki nayo, kwa gari ambazo nyuma zina dramu (kama sufuria ya chuma) badala ya diski, ikivutwa kwenye mvua siku nyingi lainingi, yaani pedi za mle ndani, hunata kwenye dramu, unaachia na gari haitaki kwenda. Kwenye nchi za theluji husema handbreki imeganda barafu, hapa ni kutu. Ukiegesha muda mrefu mahali tambarare tia gia, weka jiwe tairini, handbreki iache.

Pedali ngumu kama mawe ni hadithi nyingine. Injini ikiwa imezimwa kanyaga mpaka iwe ngumu, shikilia, washa. Ikizama kidogo busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, iko sawa, isipozama kagua busta na mpira wake wa kuvuta hewa.

Ila ubaya mkubwa wa unyevu haupigi kelele yoyote, uko kwenye brek oili. Ile oili ya kawaida inavuta maji kutoka hewani polepole. DOT 3 (aina mojawapo ya oili hiyo) ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya digrii 205, ikishanyonya maji asilimia 3.7 kiwango kinachokubaliwa kinashuka mpaka 140. Mjini hutaona tofauti, lakini teremka Wundanyi kuja Mwatate na watu watano ndani, mguu umelalia breki kona baada ya kona, kalipa, zile zinazosukuma pedi kwenye diski, zinapata moto, maji yanageuka mvuke, pedali inazama mpaka chini. Huko shuka na gia ndogo, na oili ibadilishwe kila miaka 2 hivi, fundi aitoe yote na kutoa upepo magurudumu yote manne, si kuongezea juu kwenye kikopo akakwambia tayari bosi.