Unyevu na vidonge: maswali na majibu

Swali: Dawa haijafika tarehe ya kuisha na miligramu zake zote zimo. Inakuwaje isifanye kazi?

Jibu: Kidonge lazima kwanza kiyeyuke tumboni ndipo dawa ipite kuingia kwenye damu. Maabara hulipima hilo kwa kukitumbukiza kwenye chombo cha kimiminika, mara nyingi mililita 900, chenye nyuzi joto 37, huku kikikorogwa kwa kasi maalumu. Kidonge chenye miligramu 200 kamili kinaweza kufeli hapo. Na ile tarehe inahusu dawa iliyobaki ndani ya kifungashio chake, si iliyomiminwa kwenye bahasha.

Swali: Unyevu unaharibu nini hasa?

Jibu: Chukua kabamazepini, dawa ya kifafa. Fuwele zake hushika maji na kugeuka umbo jingine, dihaidreti, linaloyeyuka polepole. Kidonge nacho huwa kigumu. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba vidonge hivi vikikaa penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu. Mgonjwa anameza kila siku, kifafa kinarudi, kisha analaumiwa kwamba anaruka dozi.

Viambato visivyo dawa navyo huathirika. Kuna wanga maalumu unaowekwa ili ukinywa maji uvimbe na kukipasua kidonge. Ukivimba kidogokidogo ndani ya kikopo, tumboni hauna tena nguvu ya kupasua. Ganda la kapsuli, ambalo ni gelatini, likikaa kwenye joto na unyevu nyuzi zake huweza kushikana likagoma kufunguka.

Swali: Je, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja zinaweza kuharibiana?

Jibu: Ndiyo. Kidonge cha kifua kikuu chenye dawa nne kina rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Ethambutoli huvuta maji hewani, na katika unyevu huo rifampisini na isoniazidi huanza kumenyuka zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo usivibandue vidonge hivi vya wiki nzima kwa mara moja. Toa dozi ya leo tu.

Swali: Niweke wapi?

Jibu: Kabatini chumbani, chini ya nyuzi joto 30, mbali na jiko na bafu. Hasa Pwani wakati wa masika, funga kifuniko mara tu unapotoa dozi. Kifuko kidogo cha silika kiache humohumo. Hakiliwi, kazi yake ni kunyonya unyevu. Friji si jibu, isipokuwa lebo imesema hivyo: kikopo cha baridi kikifunguliwa kwenye hewa ya joto, mvuke hugeuka matone juu ya vidonge.

Swali: Nitajuaje vimeshaharibika?

Jibu: Aspirini hunuka siki. Vingine hufanya madoa, hushikamana au kumeguka. Kabamazepini inaweza isionyeshe kitu.

Usivianike juani, na usiongeze dozi kufidia. Wa kifafa asiache dawa ghafla, maana anaweza kupata degedege lisilokatika. Aende haraka kwa mfamasia au kliniki na kikopo chake abadilishiwe. Akianza vidonge vipya visivyoharibika, kiwango cha dawa mwilini kinaweza kupanda: akiona vitu viwiliviwili, akipepesuka au akisinzia sana, arudi kliniki siku hiyohiyo.